Ubao wa tumbo kutoka Moshi

Konda wa basi la Tanga aliugonga mzigo wangu kwa kifundo cha kidole, akausikiliza kama mtu anayechagua nazi, kisha akaniuliza ninahamishia wapi mlango. Nilimweleza kwamba ule haukuwa mlango bali ubao wa kuchezea mawimbi ya bahari, nami nilikuwa nimeuchonga mwenyewe hapa Moshi, mtaa wa Majengo. Aliwaza kidogo, akanitoza nauli ya gunia la mahindi, akausukuma ndani ya buti. Njia nzima, kuanzia Himo hadi Segera, kila basi liliporuka tuta nilisikia kazi yangu ya miezi miwili ikigonga bati, na moyo ukaniuma, kwa kuwa sikujua bado kwamba ingekuwa afadhali ubao ule uvunjike mle mle njiani.

Ubao wa namna hii huitwa paipo, na jina hilo limetoka Hawaii. Ni ubao mfupi na mwembamba ambao mtu huulalia kwa tumbo na kuchukuliwa na wimbi hadi ufukweni; hausimamiwi, kama zinavyosimamiwa zile mbao ndefu tunazoziona kwenye picha. Wahawaii wa kale walikuwa na mbao za aina kadhaa: paipo, ambayo kwa kawaida ilikuwa na urefu wa futi 4 au pungufu, alaia, ndefu kuliko hiyo lakini nyembamba vilevile, na olo, ubao mrefu na mnene uliokuwa wa machifu. Luteni James King, aliyesafiri na nahodha James Cook, aliandika habari za watu wa Hawaii na mbao zao za mawimbi mwaka 1779, na baadhi ya mbao za kale zimehifadhiwa hadi leo katika Jumba la Makumbusho la Bishop, huko Honolulu. Walichonga kwa miti ya kwao, hasa koa, na pia kwa ulu, ambao si mwingine ila mshelisheli, ule ule ambao ndugu zetu wa Pwani hupika matunda yake kwa nazi. Nilipolijua hilo niliona kwamba jambo hili halikuwa mbali nasi kama nilivyodhani.

Hata hivyo sikuanzia Hawaii. Nilianzia Pangani, nilikokwenda mwezi wa Desemba kwa harusi ya mwalimu mwenzangu. Asubuhi ya siku ya pili nilishuka ufukweni, nikawakuta wavulana wanne wakigombea kipande kimoja cha ubao wa dau bovu, chenye mashimo ya misumari na urefu wa kama mkono na nusu. Kila mmoja kwa zamu yake aliingia nacho hadi maji ya kiunoni, akageuka, akangoja, na wimbi lilipomfikia akajirusha mbele akiwa amekilalia. Akaja hadi mchangani kwa mwendo ambao mimi, mtu wa kuoga mtoni, sikuwahi kuuona kwa kiumbe kisicho na mapezi. Hawakuwa wamefundishwa na mtu. Nimesoma baadaye kwamba katika miaka ya 1830 msafiri mmoja kutoka Uingereza, James Edward Alexander, aliwaona wavulana wa Accra wakifanya mchezo huo huo, wakiwa na vibao vyepesi chini ya matumbo yao, kwa hiyo anayedai kwamba Mwafrika alifundishwa kucheza na mawimbi na watalii angefaa apitie kurasa zile kwanza. Niliwaomba wale wavulana wanipe zamu moja. Walinipa, nikanywa maji ya chumvi, nikarudi Moshi nikiwa na jambo moja tu kichwani.

Ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari, na elimu hiyo ndiyo iliyonipotosha. Nilijiambia kwamba ubao hubeba mtu kwa sababu unaelea, na kwamba kuelea ni suala la Archimedes: uzito wa maji yanayosukumwa pembeni na kitu ndio nguvu inayokiinua. Kwa hiyo, nikiwa na kilo 74, ni lazima ubao wangu uwe mkubwa na mnene. Nilikwenda kwa fundi seremala ninayemfahamu, nikanunua mbao za mgrivelea, ule mti wa kivuli uliojaa kwenye vihamba vyetu kati ya kahawa na migomba, za moja kwa kumi, nikaziunganisha kwa gundi, mbili juu na mbili chini, hadi nikapata kipande cha futi 5 kwa inchi 20, chenye unene wa inchi 2. Fundi alinisaidia kuranda. Alipokiona kimekamilika alikizunguka mara mbili, akasema, “Mwalimu, hii ukiiwekea miguu ni benchi zuri sana.” Kilikuwa na uzito wa kilo 16 na ushee kwenye mzani wa jirani anayeuza maharage.

Jumamosi iliyofuata nilikipeleka Chemka, kwenye chemchemi za Kikuletwa, kupita Boma Ng'ombe, mahali penye maji maangavu ambapo vijana hujirusha kwa kamba. Ubao ulielea vizuri ajabu. Niliulalia, nikaukalia, nikampakia na mtoto wa dada yangu, na hakuna kilichozama. Niliyachukulia maji yale kuwa shahidi wangu wa haki, hasa nilipokumbuka kwamba Kikuletwa hushuka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo mto huitwa Pangani na kuendelea hadi baharini, pale pale nilipowaacha wale wavulana. Ilionekana kama jambo lililopangwa. Nilichosahau ni kwamba Chemka hakuna mawimbi.

Basi, mwezi wa Juni, shule zilipofungwa, ndipo nilipopanda lile basi na mlango wangu.

Sitayasimulia yote yaliyotokea siku ile. Wimbi la kwanza lilipita chini yangu kama vile sikuwapo, na la pili vilevile, kwa kuwa mtu na kilo 16 za mgrivelea hawawezi kupata mwendo kwa kupiga miguu tu. La tatu lilinishika, likauinua mkia, pua ikaingia majini ikachimba mchanga, na ncha ya nyuma ikanipiga mbavuni kwa nguvu ambayo niliihisi kila nilipocheka hadi Agosti. Jioni niliona mstari mweusi kwenye kiungio: gundi ya kawaida ya mbao, ile nyeupe, ilikuwa imelainika kwa maji ya chumvi, na upande mmoja ulikuwa umeanza kuachana na mwenzake. Isitoshe, mbao niliuziwa zikiwa mbichi ingawa niliapiwa kwamba zimekauka, na kwa siku mbili za jua la Pangani zilijipinda hadi ubao ukawa unayumba kwenye sakafu kama kiti kibovu.

Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu chini ya mkungu alikuwa amenitazama tangu asubuhi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniita niketi. “Mwanangu,” akasema, “hicho ulichokuja nacho ni chombo, hakijapata tanga tu. Wale watoto wana ubao. Chombo hukaa juu ya maji hata yakitulia. Ule ubao wao ukiuacha majini hapa hauna kazi yoyote, unangoja wimbi liupe kazi.” Kisha akarudi kwenye wavu wake, nami nikabaki nimeshika mbavu zangu, nikitambua kwamba nilikuwa nimefundisha jambo hili kwa miaka kumi na moja bila kulielewa.

Ni kama kijiwe bapa ambacho mtoto hukirusha juu ya bwawa. Kijiwe hicho hakielei. Kikisimama kinazama papo hapo. Kinachokibeba ni mwendo wake na uso wake bapa ulioinuka kidogo mbele, kwa sababu maji yanayopigwa na uso ule husukumwa chini nayo hukisukuma kijiwe juu. Paipo hubeba mtu kwa namna hiyo hiyo. Wimbi huipa mwendo kwa kuwa uso wake ni mteremko unaosogea, na ubao ukishapata mwendo, sehemu kubwa ya kazi ya kumbeba mtu hufanywa na maji yanayopita chini yake, wala si ujazo wa mti wenyewe. Ndiyo maana paipo ya unene wa robo tatu ya inchi inaweza kumchukua mtu mzima. Ukifanya hesabu utaona: ubao wa futi 4 kwa inchi 18 wa unene huo una ujazo wa lita 10 hivi, nao ukiwa wa mti wenye uzito wa kilo 5, maji yanakupa msaada wa kilo 5 tu ukiwa umetulia. Kilo 5 haziwezi kumbeba mtu wa kilo 74, na hazihitajiki kumbeba.

Ubao wa pili niliutengeneza kwa hasira na kwa haraka, ndani ya siku moja, hapo hapo Pangani, kwa kipande cha plaiwudi ya milimita 12 kilichobaki kwenye ujenzi wa nyumba ya mwenyeji wangu. Urefu futi 4, upana inchi 18, mbele nusu duara, nyuma umekatwa moja kwa moja. Nililainisha kingo kwa msasa, basi. Ulikuwa na uzito usiofika kilo 4 na sura ya ubao wa kukatia nyama, nao ndio ulionifundisha kuteleza.

Niliyojifunza kwa ubao ule ni haya, nayo nayaeleza kwa kirefu kwa sababu hakuna aliyenieleza. Unaingia hadi maji ya kiunoni, mahali ambapo miguu bado inakanyaga mchanga, ukiwa umeshika ubao mbele yako, ukiyatazama mawimbi yanayokuja na kamwe usiyape mgongo. Unalichagua wimbi ambalo mgongo wake umeanza kuchongoka lakini haujaanza kumwaga povu. Hapo unageukia ufukweni, unaubana ubao kwenye kinena na tumbo, mikono miwili ikiwa imeshika pua, na kabla tu maji hayajakufikia unajisukuma kwa miguu kutoka kwenye mchanga kwa nguvu zote, kama mtu anayeruka mfereji. Ukichelewa, wimbi linakumwagikia mgongoni. Ukiwahi, linakupita kwa chini. Muda sahihi ni mfupi kuliko pumzi moja, na mwili huujua kabla ya akili, kwa hiyo siku ya kwanza usijaribu kuufikiria. Wimbi likishakuinua, nyoosha miguu, kaza tumbo, inua kichwa. Pua ikielekea kuzama, rudi nyuma kidogo kwa upana wa kiganja. Ubao ukiwa mzito na wimbi likikuacha, sogea mbele kwa kiasi hicho hicho. Tofauti ya kufaulu na kunywa maji ni kiganja kimoja.

Kwenda moja kwa moja hadi mchangani kuna raha yake, lakini raha kubwa zaidi ni kwenda mshazari, ukiufuata uso wa wimbi ambao bado haujavunjika. Ukitaka kwenda kulia, mkono wa kulia unabaki mbele, wa kushoto unashika ukingo, na unaulaza uzito wa nyonga upande wa kulia hadi ukingo huo uingie majini na kushika kama kisu. Nilipofaulu mara ya kwanza, kwenye wimbi ambalo kwa haki lisingefika mbavuni mwa mtu aliyesimama, niliona ukuta wa maji ya kijani kibichi karibu na shavu langu, na nikasahau kuvuta pumzi. Inawezekana lilikuwa jambo la sekunde nne. Mtu anayesimama juu ya ubao mrefu huliona wimbi kutoka juu. Anayelala kwenye paipo macho yake yapo kiasi cha shubiri mbili juu ya maji, na wimbi la magotini kwake ni kilima. Kwa pwani yenye mawimbi madogo kama yetu, hiyo ni faida kubwa.

Kwa nini ni madogo? Pemba na Unguja zimesimama mbele ya sehemu kubwa ya pwani hii kama wapambe, na miamba ya matumbawe humaliza nguvu za yanayofaulu kupenya. Pangani, hata hivyo, ina bahati yake: upande wa mashariki, ukielekea kusini kidogo, kuna mlango wa bahari kati ya visiwa hivyo viwili, na wakati wa kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, upepo wa kusini-mashariki husukuma maji kupitia hapo. Ndiyo maana likizo ya Juni hunifaa kuliko ya Desemba, ambapo kaskazi huleta vijiwimbi vifupi visivyo na mpangilio. Alfajiri, upepo wa umande ukiwa bado unatoka nchi kavu, uso wa bahari hulainika na mawimbi husimama vizuri. Ikifika saa 4 asubuhi kusi limeamka na kila kitu kimevurugika.

Maji kupwa na kujaa ni somo jingine ambalo mtu wa mlimani hujifunza kwa aibu. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti kati ya maji makuu na maji madogo huzidi mita 3, kwa hiyo fungu la mchanga lililokupa mawimbi mazuri saa 1 asubuhi linaweza kuwa uwanja wa mpira ifikapo saa 5. Mimi niliondoka kwenda kunywa chai na maandazi, nikarudi nikaikuta bahari imehama. Na mlango wenyewe wa mto usiuchezee kabisa, hasa maji yanapokupwa, kwa kuwa mto na bahari hutoka pamoja kwa nguvu ambayo hakuna miguu ya kushindana nayo. Ukihisi mkondo unakuvuta kwenda nje, usipigane nao. Baki juu ya ubao wako, ogelea sambamba na ufuko hadi mvuto ulegee, ndipo urudi. Hapo kilo chache za kuelea za ubao mwembamba zinakuwa na thamani kweli. Sichezi peke yangu, na siingii kabla sijawauliza wavuvi maji yanaelekea wapi siku hiyo.

Plaiwudi ile ya ujenzi haikudumu. Siku ya tano tabaka zake zilianza kuachana kwenye pua kama kurasa za daftari lililonyeshewa, nayo pua, kwa kuwa ilikuwa bapa, ilichimba kila wimbi lilipokuwa na mteremko mkali. Nilirudi Moshi nikiwa na alama nyekundu kifuani, kwa sababu plaiwudi na mchanga juu ya ngozi tupu ni msasa kamili, na siku hizi huvaa fulana. Lakini nilijua sasa ninachokitafuta: ubao mwembamba, usioogopa maji, wenye pua iliyoinuka.

Ubao wa tatu ulichukua miezi minne, na humo ndimo nilimojifunza useremala. Kuna njia mbili za kuinua pua. Moja ni kuchonga kutoka kwenye ubao mnene, ukiondoa mti wa chini mbele na wa juu nyuma, kama walivyofanya Wahawaii. Inataka mti mkubwa uliokauka kweli, na nyuzi za mti hukatwa pale zinapohitajika kuwa ndefu, kwa hiyo pua nyembamba inaweza kumeguka. Nyingine ni kuukunja. Waingereza waliokuwa na mbao zao za tumbo za plaiwudi katika fukwe za Cornwall walizikunja pua namna hiyo, na huko Hawaii, katikati ya karne ya 20, Wally Froiseth alijulikana kwa paipo zake za plaiwudi. Nilichagua kukunja, lakini badala ya kuchemsha ubao mmoja niliamua kuunganisha plaiwudi mbili nyembamba za marini, zile za kuundia boti, za milimita 6 kila moja, juu ya kalibu iliyopinda. Karatasi mbili zikishikana kwa gundi zikiwa zimepinda, haziwezi tena kunyooka, kwa sababu kila moja ingelazimika kuteleza juu ya mwenzake, na gundi imekataa.

Kalibu niliitengeneza kwa mbao tano za mbili kwa nne zilizokatwa mkunjo mmoja, zikasimamishwa kama mbavu za dau na kufunikwa kwa ubao. Hapo fundi aliniokoa kutoka kwenye kosa jingine. Nilikuwa nimepanga mkunjo wa inchi 2, kiasi kile kile nilichokitaka kwenye pua, naye akasema mti una kumbukumbu, ukiuachia hurudi nyuma kidogo, kwa hiyo ni lazima uuzidishie. Tulizidisha. Kalibu iliyoinuka inchi 2 na nusu ilinipa pua iliyoinuka chini kidogo ya inchi 2. Gundi tuliyotumia ni ya epoksi, ile ya kuchanganya sehemu mbili, na kwa kuwa hatukuwa na vibanio vya kutosha tulikata mipira ya ndani ya baiskeli kuwa mikanda mirefu, tukauzungushia ubao na kalibu pamoja, tukivuta kila mzunguko kwa nguvu, kisha tukapanga matofali juu ya sehemu iliyonyooka. Mikanda ile hubana sawasawa kila mahali kuliko kibanio cha chuma, na mtaani Pasua unaipata bure kwa fundi baiskeli yeyote. Tuliuacha kwa siku tatu.

Kuhusu kingo nina msimamo. Wanaoanza hupenda kuviringisha kila kitu kwa sababu mviringo unapendeza mkononi. Mbele ni sawa, mviringo hauchimbi wala haujeruhi. Lakini theluthi ya nyuma, upande wa chini, ukingo uwe mkali, kwa sababu maji hung'ang'ania umbo la mviringo na kulifuata. Weka mgongo wa kijiko chini ya bomba utaona jinsi maji yanavyokivuta. Ukingo mkali huyalazimisha maji yaachie, na ubao unaoachia maji ndio unaokwenda kasi. Niliuchonga kwa randa ndogo na tupa, nikamaliza kwa msasa namba 80, 120, kisha 240, nikikaa nje ya karakana jioni, mlima ukiwa umefunuliwa, watoto wakiuliza kama ni ubao wa kupigia pasi.

Kuupaka kulinipa mabishano. Fundi alitaka vanishi ya fanicha. Mimi nilitaka mafuta ya kitani, tabaka tano, kila moja likaushwe na kufutwa, kwa sababu vanishi ikipata mkwaruzo maji huingia chini yake na hayatoki, ilhali mafuta unaongeza tu mahali palipochakaa. Yule mzee wa Pangani, nilipompelekea ubao wa tatu auone, alinusa kwanza kabla hajaushika. Akasema vyombo vyao hupakwa sifa, mafuta yale ya samaki yenye harufu isiyosahaulika, na sehemu ya chini deheni ya mafuta na chokaa. Nilimwambia kwamba Wahawaii nao waliupaka mti mafuta, ya mbegu za kukui, na baada ya mchezo waliukausha ubao, wakaufunga vizuri na kuuhifadhi ndani ya nyumba. “Hao ni watu wanaojua bahari,” akasema, akaupindua, akapitisha kidole kwenye ukingo wa nyuma, akatikisa kichwa kwa namna ambayo nimeamua kuichukulia kuwa ni sifa, na hapa simaanishi ya samaki.

Ubao ule una miaka miwili sasa. Umenichukua umbali ambao sijaupima, umegonga mwamba mara moja ukapata jeraha kwenye ukingo ambalo nililiziba kwa epoksi iliyochanganywa na unga wa msumeno, na wale wavulana wanne, ambao sasa mmoja wao ana sauti nzito kuliko yangu, huuchukua bila kuomba. Najua zipo mbao za sponji ambazo ni nyepesi zaidi na haziumizi mbavu. Zimetokana na ile aliyoibuni Tom Morey huko Hawaii mwaka 1971, na mtu asiye na muda wa kuranda na akanunue. Mimi nina muda, na nina fundi.

Tena nina mti. Mwaka jana mvua za masika ziliangusha mwambangoma kwenye kihamba cha baba, Kibosho, ukalala juu ya njia ya ng'ombe, na nilipokwenda kuukatakata nilikumbuka kwamba olo za machifu wa Hawaii zilichongwa kwa wiliwili, mti wa jamii moja na huu, wenye miiba kama huu. Ni mti mwepesi sana. Wazee wetu waliuchonga ngoma na mizinga, hawakuujengea nyumba, kwa sababu hubonyea kwa ukucha na wadudu huupenda. Nilipasua kipande kimoja cha futi 4 na nusu, unene wa inchi 2, nikapaka rangi kwenye ncha zote mbili ili usikauke kwa haraka na kupasuka, nikauweka darini juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite chini na juu. Safari hii simwamini muuzaji wala macho yangu. Kila Jumamosi naushusha na kuupeleka kwa jirani wa maharage, na naandika uzito ukutani kwa chaki. Ulianza na kilo 19. Jumamosi iliyopita ulikuwa 11 na robo, ile ya kabla yake 11 na nusu, na siugusi kwa randa hadi namba mbili zinazofuatana ziwe sawa.